Mbegu ya Kumpunguza Mdudu



Nimepewa mada ya kuboresha mbegu za mahindi ili zikinzane na wadudu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema, atakayepinga apate muda wa kunoa swali lake. Mbegu inayomfaa mkulima mdogo ni ile inayompunguza mdudu msimu hadi msimu, hata kama ukipita shambani asubuhi bado utamkuta kwenye jani. Mbegu ya kuua wote, ambayo ndiyo kila mtu anaiulizia dukani, iko hatarini kuzoewa na mdudu katika miaka michache. Nitaeleza kwa nini, nitaeleza watafiti wanaipataje hiyo mbegu ya kupunguza, kisha nitasema wapi bado tunakosea.

Wadudu wenyewe

Nitataja wanne. Wa kwanza ni mwenyeji wetu, Busseola fusca, funza wa mabua wa nyanda za juu. Huyu alikuwa Afrika akila mtama na majani ya porini kabla mahindi hayajafika pwani zetu enzi za Wareno. Mahindi yalipoenea, akahamia humo. Wa pili ni Chilo partellus, funza wa mabua mwenye madoa. Alitoka Asia, akaripotiwa Malawi miaka ya 1930, na leo ndiye anayetamba sehemu za joto, pwani na mabonde ya chini.

Wa tatu ni dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Tanzania wanamjua kwa jina la Scania. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameshaenea mkoani Tabora, na mwaka 1983 akaonekana Taveta, upande wa Kenya. Wa nne ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, naye kutoka bara la Amerika. Mapema mwaka 2016 alithibitishwa Afrika Magharibi, na mwaka 2017 tayari alikuwa kwenye mashamba ya Kenya na Tanzania. Nondo wake anaweza kusafiri hata kilomita 100 kwa usiku mmoja, kwa hiyo mipaka haimsumbui.

Hasara yao si ya kubuni. Watafiti nchini Kenya walikadiria kwamba funza wa mabua peke yao walikuwa wakila karibu asilimia 13.5 ya mavuno ya mahindi, sawa na tani 400,000 hivi kwa mwaka. Hiyo ni kabla kiwavijeshi vamizi hajaingia.

Kwa nini tusipulize dawa tu? Mfuateni funza wa mabua tangu anapoanguliwa. Nondo hutaga usiku, na Busseola huficha mayai yake nyuma ya ala ya jani, mahali ambapo jani hulikumbatia bua. Vifunza vikianguliwa hupanda hadi kwenye moyo wa mmea na kukwangua majani machanga yakiwa bado yamejikunja. Ndiyo maana jani likifunguka unaona vitundu vimejipanga mstari mmoja. Baada ya siku kadhaa hutoboa bua na kuingia ndani. Akishaingia, dawa ya kupuliza haimfikii tena. Kiwavijeshi hujificha humohumo kwenye moyo, chini ya kinyesi chake kinachofanana na pumba za msumeno. Mkulima ana siku chache tu za kumwahi, na siku hizo anaweza kuwa hana fedha, hana bomba, au yuko msibani. Mbegu yenye ukinzani haimsubiri mtu. Imepandwa, inafanya kazi.

Namna mhindi unavyojilinda

Mwaka 1951 Reginald Painter, mtaalamu wa wadudu wa Kansas, Marekani, aliugawa ukinzani wa mimea katika njia tatu, na mgawanyo huo bado unatumika. Kwanza, mmea unaweza kuwa haupendwi: nondo anatua, anaonja kwa miguu, anaondoka bila kutaga. Pili, unaweza kumdhuru anayeula. Tatu, unaweza kustahimili: unaliwa, lakini bado unazaa.

Njia ya pili ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mhindi mchanga una kemikali iitwayo DIMBOA. Mmea huihifadhi ikiwa imefungwa kwa sukari, isidhuru. Kiwavi akiliuma jani, seli zinapasuka, kimeng'enya kinaikata ile sukari, na sumu inakuwa huru mdomoni mwa mlaji. Silaha hiyo hupungua mmea unapokua, hivyo hailindi bua wala gunzi. Tena, kiwavijeshi vamizi ameshaipatia jibu: utumboni mwake huifunga tena sumu hiyo kwa sukari, kwa mpangilio ambao vimeng'enya vya mmea haviwezi kuufungua. Likumbukeni jambo hili, maana nitalirudia.

Kuna silaha nyingine iliyopatikana kwa uvumilivu mkubwa. Watafiti wa Mississippi walichukua mahindi ya asili ya kisiwa cha Antigua, Karibi, mahali ambapo kiwavijeshi na mahindi vimeishi pamoja kwa karne nyingi. Wakachagua kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1990 wakatoa nasaba iitwayo Mp708. Kiwavi anayekula majani ya nasaba hiyo hubaki mdogo. Baadaye ilifahamika kwamba jani likijeruhiwa, protini fulani hujikusanya kwenye moyo wa mmea ndani ya muda mfupi, na protini hiyo hutoboatoboa utando unaolinda ukuta wa utumbo wa kiwavi. Kiwavi anakula, lakini chakula hakimnufaishi.

Kuna pia njia ambayo Painter hakuiweka kwenye orodha yake. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walifanya kazi na wenzao wa Uingereza huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Waligundua kwamba baadhi ya mahindi ya asili, yakitagiwa mayai na Chilo, hubadili harufu yake. Harufu hiyo huwaita nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na ndani ya funza, na hivyo kuwaua. Miongoni mwa mahindi yenye uwezo huo ni Nyamula na Jowi, mbegu ambazo wakulima wa magharibi mwa Kenya wamekuwa wakizitunza wenyewe. Chotara za kibiashara walizozipima hazikutoa mwito huo. Hakuna mtafiti aliyekusudia kuuondoa. Mbegu zilichaguliwa kwa mavuno, katika mashamba yaliyopuliziwa dawa, mahali ambapo mmea wenye uwezo huo haukuwa na faida yoyote juu ya mwenzake usio nao. Kisichopimwa hupotea bila mtu kujua.

Kiboko, shamba la kulisha wadudu

Ukisafiri barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ndani ya Makueni utapita Kiboko. Hapo pana kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, zamani KARI, sasa KALRO, inayoshirikiana na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha kuboresha mahindi na ngano chenye makao yake Mexico. Mwaka 1999 taasisi hizo mbili zilianzisha mradi wa IRMA kwa ajili ya mahindi yanayokinzana na wadudu. Kazi inayofanyika Kiboko inashangaza kidogo: watu wazima, wenye shahada, wanafuga viwavi kwa uangalifu kama mtoto mchanga, kisha wanawapeleka shambani wale mahindi.

Sababu ni hii. Ukiwategemea wadudu wajilete, mwaka huu watakuja wengi, mwaka ujao hawatakuja, na hata wakija watajaa pembe moja ya shamba. Utaona mmea mzima ukadhani una ukinzani, kumbe mdudu hakufika. Kwa hiyo lazima kila mmea upewe mtihani uleule. Maabara hupika chakula cha viwavi: unga wa maharage, majani makavu ya mahindi yaliyosagwa, hamira, vitamini, na agari ya kugandisha. Nondo hutagishwa kwenye karatasi yenye nta. Viwavijeshi wakianza kukua hutengwa, kila mmoja kikombe chake, kwa kuwa wakikaa pamoja hulana.

Siku ya kazi, mimea ikiwa na wiki mbili au tatu, fundi hupita mstari kwa mstari ndani ya nyumba ya chandarua. Anachovya brashi laini kama ya mchoraji, anachukua vifunza vilivyoanguliwa muda mfupi uliopita, anavidondosha kwenye moyo wa kila mmea kwa idadi ileile. Katikati ya mistari hupandwa mbegu inayojulikana kuwa dhaifu. Hiyo ikisalimika, ujue mtihani umeharibika. Baadaye kila mmea hupewa alama, 1 hadi 9. Alama 1 ni jani lisilo na jeraha la kuonekana, 9 ni mmea uliokwisha. Kwa funza wa mabua, kazi inaendelea hadi mavuno: bua hupasuliwa kwa kisu kutoka chini hadi juu, na kila handaki linapimwa kwa rula. Mmea wenye majani mazuri unaweza kukutwa umetafunwa wote kwa ndani.

Wazazi wenye ukinzani wengi wana asili ya Mexico na Karibi, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Wakija huku hukutana na ugonjwa wa milia, ambao uko Afrika peke yake, na mababu zao hawakuujua. Mwaka 2011 ukaongezeka ugonjwa hatari wa mahindi ulioanzia Bomet, Kenya, uliokausha mashamba mazima. Tena wengi wa wazazi hao huzaa kidogo au huchelewa kukomaa. Mtafiti lazima aunganishe ukinzani wa mdudu, ustahimilivu wa milia, mavuno na muda wa kukomaa, na kila anapovuta upande mmoja, mwingine unalegea. Ukinzani wenyewe unatokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Hakuna moja unayoweza kuinyofoa na kuondoka nayo.

Zamani nasaba moja safi ilihitaji misimu sita au saba ya kuuchavusha mmea kwa mbelewele zake wenyewe. Mwaka 2013 kilifunguliwa hapo Kiboko kituo kinachozitengeneza kwa misimu miwili au mitatu. Desemba 2020, CIMMYT ilitangaza chotara tatu zinazomstahimili kiwavijeshi vamizi zilizotokana na kazi ya namna hii. Angalieni neno walilolitumia watafiti wenyewe: zinastahimili. Hawakusema haziliwi.

Hesabu ya nusu

Najua kuna mkulima humu anayejiuliza: mbegu ya kunipunguzia nusu ya wadudu inanisaidia nini, wakati ile nusu nyingine inatosha kunimaliza?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme katika eneo letu kila kizazi cha kiwavi kinazaa mara 5 ya kilichotangulia. Tukianza na kiwavi 1, baada ya vizazi vitatu, ambavyo sehemu za joto ni kama miezi mitatu, tuna viwavi 125. Sasa tuseme mbegu imepunguza uzazi huo kwa nusu tu: kila kizazi kinazaa mara 2.5. Baada ya vizazi vitatu tuna viwavi 16. Kutoka 125 hadi 16, kwa mbegu ambayo siku ya kwanza ungeiona haina maana. Nusu hurudiwa kila kizazi, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Lakini hesabu hii inahitaji majirani. Ukiipanda peke yako katikati ya mashamba ya mbegu dhaifu, nondo wa jirani wataijaza tena nafasi.

Faida ya pili ni kwamba kiwavi aliyechelewa kukua hukaa wazi siku nyingi zaidi. Siku hizo chungu anamwona, nyigu anamwona, na mvua inamkuta. Akisalimika, anakuwa nondo mdogo mwenye mayai machache. Mbegu ya kupunguza inafanya kazi pamoja na maadui wa mdudu, na pamoja na mbinu nyingine kama ile ya icipe ya sukuma-vuta, ambapo desmodiamu iliyopandwa katikati ya mahindi humfukuza nondo na matete ya pembeni humvuta.

Faida ya tatu ni ya muda mrefu. Linganisheni na Afrika Kusini. Mwaka 1998 wakulima wa huko walianza kupanda mahindi ya Bt, yaliyowekewa jeni ya bakteria wa udongoni inayotengeneza protini ya kutoboa utumbo wa kiwavi. Ilifanya kazi vizuri sana. Wakulima walitakiwa waache sehemu ya shamba na mahindi ya kawaida, ili nondo wasio na usugu waendelee kuwapo na kuchanganya damu na wachache wenye usugu. Wengi hawakuacha sehemu hiyo ipasavyo. Mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba Busseola fusca, mwenyeji wetu yule wa kwanza, ameizoea. Huko Puerto Rico kiwavijeshi naye aliizoea protini nyingine ya Bt.

Sisemi haya ili kumtisha mtu na teknolojia. Kinachoshindwa hapa ni silaha moja iliyoachwa peke yake, iwe imetoka maabara au porini. DIMBOA ilitengenezwa na mhindi wenyewe, na kiwavijeshi ameipatia jibu. Kizuizi kimoja kikali kinachoua karibu wadudu wote huwaachia uwanja wale wachache wanaokipita. Mdudu anayekutana na vizuizi kumi vidogo, kila kimoja kikimchelewesha, anahitaji mabadiliko kumi kwa wakati mmoja. Kama nchi itaamua kutumia Bt, basi jeni hiyo ikae ndani ya mbegu ambayo tayari ina ukinzani wake wa asili, na sehemu ya mahindi ya kawaida iachwe kweli. Kuiweka ndani ya mbegu dhaifu ni kuipeleka vitani bila mlinzi.

Ghala nalo ni shamba

Nimekaa sana shambani, na hilo nalo ni kosa la taaluma yetu. Mahindi ya mkulima mdogo huliwa na wadudu hata baada ya kuvunwa. Dumuzi alipoingia Tabora, watafiti walipima magunzi yaliyohifadhiwa miezi mitatu hadi sita wakakuta upungufu wa uzito hadi asilimia 34. Dumuzi hupenda punje iliyoshikamana na gunzi, kwa kuwa anapata mahali pa kujikaza anapotoboa. Ndiyo maana kampeni ya wakati huo iliwahimiza wakulima wapukuchue kwanza, kisha wachanganye na dawa ya unga. Ushauri ulikuwa sahihi, ila uliongeza kazi na gharama juu ya mbegu ambayo haikuchaguliwa kwa ajili ya kihenge.

Malawi inatupa funzo zuri zaidi. Kwa miaka mingi wakulima wake walisitasita kupokea chotara zenye punje laini, wakaitwa wagumu wa kubadilika. Sababu zao zilikuwa za maana. Mahindi yao ya asili yalikuwa na punje ngumu, yenye maganda yaliyofunga gunzi hadi ncha. Fukusi, ambaye huanza kushambulia mahindi yakiwa bado shambani, alipata shida kuingia, na kinu kilitoa unga mwingi zaidi. Mwaka 1990 watafiti wa Malawi walitoa MH17 na MH18, chotara zenye mavuno mazuri na punje ngumu kiasi, na wakulima wakazipokea. Mwanamke aliyeshika mchi alikuwa amejua ukinzani wa ghalani kabla ya kituo cha utafiti kuuwekea kipimo.

Kipimo hicho sasa kipo. Punje huwekwa kwenye chupa pamoja na dumuzi, huachwa kwa miezi mitatu, kisha unga unaotoka hupimwa kwa mizani. Ugumu wa punje na kemikali za ganda lake la nje hupunguza unga huo. Hapa pia hatupati punje isiyoliwa. Tunapata gunia linalofika mwezi wa nne badala ya wa pili.

Tufanye nini

Nina maombi matatu, na kila moja lina mwenyewe.

Kwa wanaopitisha mbegu mpya: katika kila jaribio la taifa, iwepo sehemu isiyopuliziwa dawa, na alama za wadudu, za maganda ya gunzi na za ghalani zihesabiwe pamoja na mavuno. Mbegu inayozaa gunia 30 chini ya dawa na 12 bila dawa isiishinde ile inayozaa 25 na 20. Mkulima wetu wa kawaida analima upande wa pili wa hesabu hiyo.

Kwa watunzaji wa mbegu za asili, ikiwemo benki ya taifa ya nasaba za mimea iliyoko Arusha: mbegu hizo zikitunzwa kwenye jokofu bila kupimwa, hatutajua zina nini. Nyamula ilikuwa mikononi mwa wakulima miaka yote, na uwezo wake ulijulikana siku ilipowekwa mbele ya mdudu na mtu akapima harufu. Tuzipime zetu kwa mpangilio huo, kuanzia zile ambazo vijiji vinasema hazisumbuliwi sana.

Kwa mkulima: ukienda duka la pembejeo, usiulize tu hii mbegu inatoa gunia ngapi. Uliza imepimwaje bila dawa. Uliza maganda yake yanafunga gunzi hadi ncha. Uliza punje yake ni ngumu au laini, na inakaa kihengeni muda gani kabla haijaanza kutoa unga. Muuzaji asipojua, mwambie akawaulize waliomletea. Na kama unapanda mbegu yako ya asili, chagua magunzi ya mbegu shambani, mihindi ikiwa bado imesimama na unaona ipi imeliwa na ipi imestahimili, badala ya kungoja uchague magunzi makubwa yakiwa rundo nyumbani. Gunzi kubwa halikwambii bua lake lilikuwaje.

Watafiti watapima kile wanachoulizwa. Kwa miaka mingi wameulizwa mavuno, na wameyaleta. Sasa tuwaulize habari za mdudu, kwa sauti moja, kuanzia dukani.